Ngome ya Kijijini kwa Mume wa Shangazi

Mwanzoni mwa miaka ya themanini shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliolewa na Mholanzi aliyekuja Kisumu kuchimba visima. Wakahamia kijijini kwao mume. Shangazi alitutumia picha akiwa mbele ya ngome ya mawe iliyozungukwa na maji. Majirani zetu mtaani Nyamasaria wakaamini ndiyo nyumba yake, na baba hakuwasahihisha.

Miaka ya tisini ilipoanza alirudi peke yake. Jioni hiyohiyo baba alimketisha sebuleni na kumuuliza amekimbia nini.

Akatueleza taratibu. Kijiji kilikuwa kanisa, barabara moja na ile ngome. Mtawala wa kwanza wa eneo hilo aliijenga kando ya mto ili awatoze wakulima ushuru. Baadaye askari waliichoma vitani, na wanakijiji wakabeba mawe yake kujengea mazizi. Kisha mtu wa ukoo uleule akatajirikia ng'ambo, kwenye mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, akaijenga upya. Shangazi aliajiriwa kufagia vyumba vya ngome hiyo, na mama mkwe wake ndiye aliyewatembeza humo wageni waliokuja kuitazama Jumapili.

"Ukutani kuna mchoro wa yule tajiri," alisema. "Pembeni yake mtoto mweusi ameshika mnyororo wa mbwa. Nilimuuliza mama mkwe, huyu mtoto aliitwa nani? Akasema haijulikani. Nikamuuliza, na mbwa? Akataja jina lake papo hapo. Wageni wakacheka. Nilipomsimulia mume wangu, naye akacheka."

Baba akauliza, "Umeacha nyumba yako kwa sababu ya mchoro?"

"Kwa sababu ya kicheko, ndugu yangu."

"Hapa huwezi kujenga. Msichana akishaolewa, kwao si hapa tena."

Hakuna aliyemtetea shangazi, hata mama.

Shangazi alipanga chumba mtaa wa Migosi, akauza mitumba. Sokoni wanawake walimwita Malkia, wakimuuliza ufalme aliuacha wapi. Alipougua, baba hakwenda kumwona. Nilikwenda mimi na mama, kwa kujificha. Alipopata nafuu alihamia Katito, ambako hakuna aliyemjua, akaanza kuuza dagaa.

Nilimtembelea huko mara kadhaa. Alinipikia, akaniuliza habari za masomo. Habari za baba hakuuliza, wala mimi sikumpa.