Wageni Walifika Wameshiba

Nakumbuka Jumapili moja pale kijijini Nyantende, mwanangu, mwaka wangu wa pili wa ndoa, nilipopika maharage ambayo haikuwa kazi yangu kuyapika. Nakusimulia kwa sababu jana ulinionyesha kwenye simu picha za shamba lako na za majirani zako, ukaniambia mnataka kuwapokea watu wa Bukavu wikendi, watembee mashambani na kula vya kwetu. Nilifurahi, kisha nikakurudishia simu upesi, nawe ukadhani picha hazikunipendeza.

Sisi pia tulikuwa na wageni. Tulikuwa nyumba nne za mlima mmoja, na watu wa ofisi na walimu wa chuo walipanda kutoka mjini na watoto wao baada ya misa. Kwangu waliona ng'ombe na kunywa maziwa. Kwa Nabintu, rafiki yangu tangu usichana, walikula. Nyumba ya tatu iliwaonyesha kukaanga kahawa, na ya nne ndiyo ya kasiksi, ile pombe yetu ya ndizi. Njia ilipita ndani ya nyua zetu, na ilikuwa lazima mwenye nyumba awasindikize wageni mpaka kwa jirani, awakabidhi mkononi, ndipo arudi. Hatukuacha mgeni atembee peke yake.

Nami nilikuwa na kiburi, sifichi. Kuwapa watu wa mjini maziwa tu niliona aibu. Nilitaka warudi wakisema yule maman wa ng'ombe anajua kupokea. Nikawapikia bugali, maharage na lenga-lenga, ule mchicha wetu, kwa mawese. Wakala, wakaomba niongeze, nami nikaongeza, mjinga mimi!

Nilipowafikisha kwa Nabintu saa zilikuwa zimekwenda. Alikuwa amesimama mlangoni na kitenge kipya, sufuria zimefunikwa kwa majani ya mgomba. Alikuwa amechinja kuku. Wageni wakaonja kijiko kimoja kimoja kwa adabu, mmoja akasema, "Merci maman, tulisha kula kwa jirani."

Nabintu akanigeukia. "Ulibapikia?"

"Kidogo tu," nikajibu.

Mvua ilikuwa inakuja. Wageni wakarudi mjini bila kufika kwenye kahawa wala kasiksi.

Mama mkwe wangu alisikia yote kabla sijafika nyumbani. "Ulibalisha muzuri, sikatae," akaniambia. "Lakini bageni haiko ba kwako peke yako, iko ba njia yote. Wende leo kwa Nabintu, umuombe pardon."

Nikasema nitakwenda kesho. Kesho nikaona haya. Keshokutwa nikajidanganya kwamba hasira zake zimepoa. Jumapili iliyofuata Nabintu alikuwa ameziba ua wake kwa miti, na njia nyingine hatukuwa nayo. Wale wa kahawa na wa kasiksi wakangoja bure. Wageni nao walichoka upesi kutazama ng'ombe wangu, wakaacha kuja.

Nilipopata moyo wa kwenda, nilikuta mlango umefungwa. Mumewe alikuwa amepata kazi ya ualimu kule mbali Shabunda, wameondoka siku mbili kabla. Sikumwona tena. Nimezaa, nimemzika mume, na bado Jumapili ikifika namkumbuka Nabintu. Natamani kicheko chake, na alivyowaita wageni kutoka mbali, "Karibuni, mulichelewa sana!" hata waliowahi. Ningetoa chochote leo aketi hapa, anitukane kidogo, kisha tucheke.

Basi nisikilize, mwanangu. Kabla ya mgeni wa kwanza, kaeni pamoja, kila nyumba iseme itatoa nini. Wewe toa hicho tu, hata mgeni akikuomba zaidi. Usimfungie kwako ukajiita mkarimu. Msindikize mbele akiwa bado na njaa, na njiani msifie jirani yako, usijisifie mwenyewe. Na ukikosea, maana utakosea, nenda siku hiyo hiyo, hata ukiwa na aibu, hata mvua ikinyesha.

Mungu abariki mashamba yenu na mifugo yenu, awaletee watu wa kuwatembelea. Akupe majirani wenye moyo mpana kuliko wangu. Na siku utakayomuumiza mmoja wao, akupe miguu ya kufika kwake angali yupo.