Kitenge cha Manjano

Nikifungua kopo la kole, ile gundi ya mbao, naiona meza ya Papa pale Kamembe. Juu yake alikuwa akijenga stesheni ndogo ya kwao Kalemie: reli za waya, gari-moshi la makopo ya sardini, abiria wa njiti za kiberiti. Mmoja, mwanamke aliyekalia mzigo, alikuwa amempaka buluu.

“Huyu ni miye?” Maman aliuliza. “Siku tulionana nilivaa kitenge ya manjano.”

“Ilikuwa ya buluu, Maman. Nilikuangalia sana,” Papa alimjibu.

Maman akaenda kufungua sanduku ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Akarudi na kitenge cha manjano, akakikata pembe kwa makasi, akaiweka mezani kando ya kole.

Papa akachukua wembe, akaanza kuikwangua ile buluu polepole, kama anayeogopa kumuumiza.