Pini Niliyokerezewa Maneromango

Kabla hujaanza kucheka, ujue kwamba zamani mimi ndiye niliyekuwa nikicheka. Nimesoma uhandisi wa mitambo, siamini majini, na mtu akinisimulia habari za vibwengo huwa namhoji mpaka anasusa. Kwa hiyo niamini ninaposema haya yalinitokea saa nane mchana, jua kali, akili timamu.

Naishi Kibaha, lakini kazi yangu iko Dar: natengeneza yoti za wageni wanaozunguka dunia kwa tanga. Wakati huo nilikuwa na yoti ya mume na mke wenye binti wa miaka sita. Mlingoti hushikiliwa na nyaya nene za chuma, na kila waya una pini inayoushikilia na kikazio chake: skrubu mbili, moja ya hesi, yaani meno, yanayozungukia kulia, nyingine kushoto, ukizungusha katikati waya unakazika. Kikazio cha waya wa mbele kilikuwa kimelika. Waya ukiachia baharini mlingoti unaanguka, na kitanda cha yule mtoto kilikuwa chini yake hasa. Walitakiwa kuondoka keshokutwa, vibali vyao vinaisha.

Mafundi wa kukereza vyuma pale Maili Moja, Kibaha kwetu, walinichosha. Wa kwanza, mashine mbovu. Wa pili, umeme hakuna. Wa tatu alikigeuzageuza kikazio akasema, "Hesi ya kushoto, tena kwenye chuma cha stenlesi? Bro, nenda Maneromango kwa Mzee Pazi, nyuma ya kanisa la zamani. Mkono huo anao yeye tu."

Nikawasha pikipiki yangu. Mlandizi, Mzenga, Maneromango. Barabara ile usiniulize.

Nikamkuta kwenye karakana mzee mfupi, shati la kaki, mashine inanguruma. "Shikamoo mzee." Kimya. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Nikasema moyoni, haya, ndio wale wazee wenye maringo. Alinyoosha mkono tu, akakichukua kikazio na kuanza kazi, bila hata kuutazama mchoro niliokesha nikiuchora. Unaiona dharau hiyo?

Kikazio kipya kilipokamilika, ndipo akafungua mdomo. "Na pini ya waya wa nyuma?"

"Imefanya nini?"

"Imepasuka."

Sikuwa nimemwambia kuna waya wa nyuma. Sikuwa nimemwambia hata kwamba kuna chombo! Lakini nilikuwa nimekasirika, na mtu mwenye hasira hasikii vizuri. "Mzee, nimeikagua mwenyewe. Ni nzima."

"Uliichomoa?"

"Niliitazama kwa tochi, nika..."

"Nimekuuliza, uliichomoa?"

"Hapana."

"Sasa chuo kilikufundisha nini? Kutazama?"

Akakereza pini ambayo sikuiagiza, akanisukumia pamoja na kikazio. Nikatoka kufuata simu kwenye pikipiki, nimwonyeshe picha ya pini yangu ili anyamaze. Hatua kumi, si zaidi. Nilipogeuka, mlango ulikuwa na kufuli lenye kutu na mashine haisikiki.

Nikagonga kama mgambo mpaka akatokea mama mmoja kutoka nyumba ya pili.

"Mlango wangu umekukosea nini, mwanangu?"

"Shikamoo mama. Mzee Pazi amenifungia nje, na mimi bado nina maneno naye."

"Marahaba." Akanisogelea. "Salamu yako aliitikia?"

"Hata moja."

"Basi ndiye. Mume wangu huyo, nimemzika mwaka juzi. Wewe ni wa tatu kuja kunilalamikia hana adabu." Akatafuta ufunguo kwenye pindo la kanga. "Wateja anawahudumia. Mimi paa linavuja tangu masika, hajatokea!"

Akafungua. Mashine ilikuwa imeng'olewa mota, na juu yake kuku ameatamia mayai. Nikauliza kama marehemu alikuwa na pacha. Nikatafuta mlango wa nyuma, nikalizunguka jengo mara tatu. Ukuta mtupu. Na mkononi nina vyuma viwili, bado vya moto.

Hapa sasa ndipo ninapoona aibu. Nilikuwa nimeshasaini karatasi kwamba waya wa nyuma ni salama. Nikiichomoa pini ikawa nzima, nimekuwa mjinga wa kutumwa na mzimu. Ikiwa mbovu, nimesaini uongo. Basi kesho yake nikafunga kikazio cha mbele, kikakaa sawasawa, pini ya nyuma nikaiacha, nikakusanya vifaa, nikaaga. Nilifika mwisho wa gati nikarudi. Yule binti akaniuliza kama nimesahau kitu. Nikamwambia ndiyo.

Nikaulegeza waya wa nyuma, nikaigonga pini kidogo. Ilitoka vipande viwili. Ile ya mzee ikaingia bila kuguswa hata na tupa.

Wale wageni waliniandikia kutoka Shelisheli: walipigwa na upepo siku mbili, mlingoti haukutikisika. Mimi ndiye sijapona. Nimerudi Maneromango mara nne na maswali yangu kwenye daftari, nakuta kuku tu. Kazi ya siku moja sasa naifanya siku tatu, kwa sababu kila kitu lazima nikifungue. Wateja wananung'unika, wenzangu wananicheka. Na mizimu bado siiamini, jambo linaloniudhi kuliko yote.

Lakini wewe unayefunga breki za watu, au mitungi ya gesi ya watu, nisikilize. Kama umetazama tu, usisaini. Kuna aliyelala chini ya kazi yako, na si kila fundi atapata marehemu wa kumgombeza kwa wakati.