Wilkista Alivyobatizwa na Baiskeli

Wilkista alipostaafu ukarani katika ofisi ya serikali mjini Kitale na kurudi nyumbani Kabuchai, kila mtu alijua atafuga kuku. Wanawake waliostaafu hapo kijijini walifuga kuku. Jirani mmoja alikuwa ameshamtengea vifaranga, na mumewe Eliakim, mkulima wa miwa ambaye hakupenda hata kidogo kuzungumzwa na watu, alikuwa ameanza kujenga banda.

Badala ya kuku ikaja baiskeli.

Aliyeituma ni binti yao Emmy, anayefanya kazi katika hoteli moja huko Diani, pwani. Hoteli ilikuwa na baiskeli za wageni kuendeshea ufuoni. Zilipoletwa mpya, wafanyakazi waliruhusiwa kuchukua za zamani, na Emmy akamkumbuka mamake, ambaye alipokuwa msichana aliendesha baiskeli ya babake kwa kupenyeza mguu chini ya chuma cha katikati kwa sababu kiti hakukifikia. Alipoolewa na kuanza kazi aliacha. Karani wa serikali alitakiwa akae kwenye kiti kisicho na magurudumu.

Baiskeli ilipanda basi hadi Kitale, na Wilkista akaenda kuipokea. Matairi yake yalikuwa manene kushinda ya pikipiki. Mbeba mizigo aliyeiteremsha aliizunguka mara mbili, akashika kiuno.

"Mama, hii ni basikeli ama ni trekta imekonda?"

Kule Kabuchai, juu ya barabara ya murram, ilienda kama fahali anayepelekwa sokoni. Wilkista alipanda nayo kilima kimoja, akashuka akiikokota, akampigia Emmy simu kulalamika.

"Mama, hiyo si ya barabara," Emmy akasema. "Hiyo ni ya mchanga. Tafuta mchanga."

"Sasa bahari ya Kabuchai utaniletea wewe?"

"Si kuna mto?"

Kweli kulikuwa na mto. Kiangazi hicho Kuywa ulikuwa umepungua, na karibu na Kamukuywa maji yalikuwa yameacha ufuo mpana wa mchanga, mahali ambapo Bethwel na wenzake huchimba mchanga wa kujengea nyumba. Jumamosi moja asubuhi Wilkista alifika hapo amevaa suruali ya shambani ya Eliakim na, juu yake, sketi ya kanisani, ili heshima isipotee yote. Akapanda, akakanyaga pedali, akazama papo hapo, akalala ubavu kama gunia la mahindi.

Bethwel aliegemea beleshi lake. "Mayi, mama, mchanga hii ni ya kujenga. Haiendeshwi, bana."

Wilkista alitema mchanga na kutoa simu.

"Umepunguza upepo?" Emmy akauliza.

"Nipunguze upepo nipate pancha?"

"Toa nusu, Mama. Tairi ikilegea inapanuka, inapita juu ya mchanga. Halafu usikate kona ghafla. Na usiache kukanyaga pedali! Ukiacha tu, umezama."

Alitoa upepo. Matairi yakalia kama nyoka wawili waliokasirishwa, yakawa laini kama maandazi. Akapanda tena, na safari hii baiskeli ikakubali. Kwanza pole pole, kisha kwa kasi, ikiacha nyuma yake alama pana kama ya chatu. Wilkista alipiga kelele ya furaha ambayo hakuwahi kuipiga miaka yote ya ofisi. Bethwel na wenzake wakaacha kazi wakamshangilia, naye akawapungia mkono, na hilo likawa kosa, kwa maana usukani uliyumba na baiskeli ikashika njia ya chini, karibu na maji, kuelekea pale mto unapopinda.

Nyuma ya kona hiyo kulikuwa na ubatizo.

Waumini wa Kanisa la Maji Mengi walikuwa wameujaza ufuo: kwaya upande wa juu, akina mama na watoto upande wa chini, na katikati ya mto alisimama Mchungaji Derrick, maji yakimfika kiunoni, amefumba macho na kuinua mikono. Alikuwa amemaliza kubatiza waliojiandikisha na sasa alikuwa anaomba nyongeza.

"Bwana, tuongezee hata roho moja!"

Wilkista alitazama kulia akaona kwaya. Akatazama kushoto akaona watoto. Angefunga breki, lakini sauti ya Emmy ilikuwa bado masikioni: usiache kukanyaga. Akakanyaga.

"Pisheni!" akapiga kelele. "Pisheni, nakuja!"

"Njoo, dada!" Mchungaji akajibu bila kufumbua macho.

Akaja. Baiskeli iliingia mtoni ikirusha maji juu ya kwaya yote, ikasimama ghafla, naye akapita juu ya usukani na kutua mbele ya mchungaji. Alipoibuka, mkono ulikuwa tayari juu ya kichwa chake.

"Jina lako?"

"Wilkista! Lakini mimi ni wa..."

"Wilkista, ninakubatiza!"

Maelezo yote yakazama pamoja naye. Alipoibuka mara ya pili, ufuo ulikuwa unalia haleluya.

Sasa, mtu asiyetoka kwetu huenda asione shida iko wapi. Wilkista ni wa Friends, yaani kanisa la Quaker, na Friends hawabatizi kwa maji. Ubatizo wao ni wa moyoni, na ibada yao ina kukaa kimya. Mama huyu alikuwa ameishi Mkristo mkavu tangu kuzaliwa, na mamake alikuwa hivyo, na nyanyake.

Hakupata nafasi ya kueleza, kwa sababu baiskeli ilikuwa inaondoka. Matairi yale yenye upepo yalielea, nayo ikateremka na mto magurudumu yakiwa juu. Kwaya ikaikimbiza ufuoni bila kukatiza wimbo, sauti ya tatu ikitangulia, hadi Bethwel alipoinasa kwa beleshi.

Habari zilimtangulia nyumbani. Eliakim alikuwa amekaa kando ya banda la kuku lisilo na kuku.

"Mama Emmy, ati umehama kanisa?"

"Sijahama. Nilianguka."

"Ukiwa na suruali yangu?"

Siku chache baadaye wazee wa kanisa walikuja, wakiongozwa na Mzee Wafubwa, mtu ambaye hata salamu huitoa kama hukumu. Walikunywa chai. Kisha akauliza, "Mama Wilkista, yale maji uliyakubali kwa moyo, ama uliingia tu?"

"Niliingia tu, Mzee."

"Kwa nini hukusimama?"

"Kwenye mchanga ukisimama unazama."

"Lakini hukusimama, na ukazama."

Wilkista akamwongezea chai. Mzee Wafubwa akasema basi wanyamaze, Mungu awaonyeshe njia. Wakainamisha vichwa. Kimya kikatanda hadi wakasikia mbuzi wa jirani akitafuna. Kisha kiti kikaanza kulia kwi, kwi, kwi. Wilkista akafumbua jicho moja. Kilikuwa kiti cha Mzee Wafubwa. Mzee alikuwa amejiziba mdomo kwa kofia, mabega yanatetemeka, machozi yanamtoka.

"Ati alisema njoo," akanong'ona. "Ati... njoo, dada!"

Ikawa basi. Eliakim mwenyewe alicheka mpaka akamwaga chai. Mzee alipopata pumzi alitangaza kwamba maji ya bahati mbaya ni kama mvua, na hakuna anayehama kanisa kwa kunyeshewa. Mchungaji Derrick alipofika baadaye kumtafuta kondoo wake mpya, Wilkista alimweleza kwa upole. Mchungaji alikuna kichwa, akaomba angalau aende atoe ushuhuda kuhusu baiskeli. Wilkista alienda. Walimpa kuku.

Jumamosi iliyofuata Eliakim alisema atamsindikiza mtoni, kulinda suruali yake tu. Alisimama kando akimtazama mkewe akienda na kurudi juu ya mchanga, sketi inapepea, Bethwel akimwonya kila akikaribia ile kona. Mwishowe akakohoa.

"Si unishikie hapo nyuma kidogo?"

"Wewe? Na watu wakikuona?"

"Wacha waone."

Akamshikia kiti. Eliakim akaenda kama hatua kumi, akaacha kukanyaga ili ageuke aone kama bado ameshikwa, akazama. Alikaa chini, mchanga umemjaa masikioni, akimtazama mkewe aliyekuwa anacheka huku ameshika mbavu.

"Nisukume tena," akasema. "Na sasa usiniachilie bila kuniambia."

Walirudi nyumbani jua likiwa limeshainama, wakiikokota ile baiskeli katikati yao kupanda kilima, wakibishana njia nzima nani ameanguka vizuri zaidi.