Zamu ya Saa Mbili

Nilianza kazi ya ukarani Jumatatu moja yenye ukungu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kiwanda cha majani chai upande wa Boito. Ofisa wa wafanyakazi, mzee wa Litein asiyecheka ovyo, alinionyesha meza, taipureta na rafu ya mafaili.

"Hawa ni walioacha kazi," akasema. "Wewe tafuta kwa nini wanaacha, kisha umsaidie meneja kuwazuia. Mimi nimeshindwa."

Wengi walikuwa akina mama wa chumba cha kuchambua, ambako chai iliyokwisha kukaushwa hupitishwa kwenye chekeche na kutengwa kwa ukubwa. Ni kazi ya jicho. Mgeni huchukua miezi kuijua. Nikawauliza wenyewe. Zamu ilianza saa kumi na mbili asubuhi, na kreshi ya kulelea watoto ilifunguliwa saa moja unusu. Muda huo wa katikati ndio uliotumalizia watu.

Nikapanga zamu ya pili kwa wenye watoto wachanga: saa mbili hadi saa kumi na moja jioni. Meneja aliusoma mpango wangu akakunja uso.

"Karani, hiki ni kiwanda. Si kanisa, mtu aingie wimbo ukiwa katikati."

"Tujaribu miezi mitatu, Bwana Meneja," ofisa akanitetea.

Meneja akakubali kwa mdomo tu. Miezi mitatu ikawa mwaka na zaidi, na hakuna mama aliyeacha.

Kati yao alikuwa Rose Atieno, mama Vincent, mtu wa upande wa ziwa. Hakuna aliyemshinda kwa jicho. Siku moja alikuja kuaga: dada yake alikuwa amemtafutia kazi jikoni mwa hospitali, Kisumu.

"Usiende, mama Vincent," nikamsihi. "Saa zako hazitaguswa."

"Unaniahidi, Karani?"

"Nakuahidi."

Akamwandikia dada yake kwamba haendi.

Kisha ofisa akastaafu, meneja akahamishwa. Meneja mpya alikuja wakati wa ukame, majani yamepungua shambani. Aliusoma mpango akiwa amesimama.

"Nani alitia sahihi hapa?"

"Tulikubaliana tu, Bwana."

"Basi kuanzia Jumatatu zamu ni moja."

Ningeweza kubishana. Lakini nilikuwa na watoto wa kulipia karo; nikachukua faili langu, nikatoka.

Rose alijaribu kwa wiki mbili, akimwacha mtoto kwa jirani. Asubuhi moja Vincent alivuta sufuria ya uji wa moto, ukamwagikia mkono. Siku iliyofuata mama yake alisimama mbele ya meza yangu, mtoto yuko mgongoni, mkono umefungwa bendeji.

"Kazi ya Kisumu ilishachukuliwa na mtu mwingine," akasema, bila kupaza sauti. "Niandikie barua ya kuacha."

Nikaipiga chapa mwenyewe.

Nilidumu kazini miaka mingi baada ya hapo, hadi kustaafu. Vijana wa ofisi wakinijia, nawaambia mpango usio na sahihi ya meneja ni maneno tu, na mtu asiombwe abaki kwa ahadi ambayo huwezi kuilinda. Wananiitikia, "Sawa, mzee," wanaenda zao.

Juzi nilimkuta Rose sokoni Litein, anauza nyanya. Alinisalimu vizuri, akauliza hali ya mke wangu. Nilitaka kuomba msamaha, nikaishia kununua nyanya. Aliniongezea nyanya mbili za bure. Nikasema asante, nikaondoka.