Baba Alimwacha Mama Mdogo Ili Abatizwe, Sasa Ukoo Unamtoa Nyumbani

(Msomaji huyu ni wa nchi ya Mbozi. Jina lake tunalo, ila ametuomba tulifiche.)

Bwana Mhariri, wasomee wenzangu haya, labda yuko mmoja aliyepita njia hii. Mimi ni mama wa watoto watatu, umri wangu miaka ishirini na minne au mitano. Mama husema nilizaliwa mwaka wa nzige, hesabu nyingine hana. Nilisoma misheni mpaka darasa la nne. Mume wangu yuko Mkwajuni kwenye machimbo ya dhahabu, nami tangu baba yangu augue nimekaa kwetu, upande wa Iyula. Mtoto wa mwisho bado ananyonya. Nimechoka. Naandika huku nambembeleza, maneno yakirukaruka mnisamehe.

Baba alikuwa na wake wawili. Wa kwanza ni mama aliyenizaa. Wa pili tunamwita mama mdogo, Mnamwanga wa Ndalambo, hakujaliwa mtoto. Mama alipomzaa mdogo wangu aliugua muda mrefu, kwa hiyo mimi nililelewa na mama mdogo. Mgongo wa kwanza ninaoukumbuka ni wake.

Mama aliingia kanisani zamani. Baba alichelewa, kwa kuwa misheni ya kwetu haimbatizi mwanamume mwenye wake wawili. Mama alimwombea miaka yote hiyo. Ugonjwa wa kifua ulipomzidi, baba alisimama mbele ya wazee wa kanisa akasema amemwacha mke wa pili, akabatizwa. Wanawake wakapiga vigelegele, na mama mdogo naye akapiga. Kisha akarudi nyumbani akampikia baba uji, akaendelea kukaa katika nyumba yake ile ile ya ng'ambo ya ua. Angekwenda wapi, na mgonjwa atainuliwa na nani? Miguu ya mama imevimba, hana nguvu. Baba tulimwinua sisi wawili, mama mdogo akishika mabega, mimi miguu.

Siku moja mama mdogo alikwenda mtoni, baba akaniambia nisogee. Akasema, "Kanisani nilisema nimemwacha. Niliyataka yale maji, basi. Yule ni mke wangu. Nyumba yake na kahawa aliyoipanda asinyang'anywe." Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia. Baada ya wiki chache alifariki, akazikwa kwa nyimbo, akawekewa msalaba.

Kwetu, siku ya kuondoa matanga, aliyemuuguza marehemu husimama mbele ya ukoo, akaeleza ugonjwa ulivyokwenda na maneno aliyoyaacha. Ndipo mali hugawanywa. Nikasimama. Nikaeleza kikohozi, nikaeleza dawa tulizompa. Kabla sijafika kwenye maneno yake, baba mkubwa, yaani kaka yake baba, akanikatiza. Mwanawe anataka kuoa, na macho yake yako kwenye nyumba ile na mteremko wa kahawa. Akasema huyu mama tumshukuru sana, ni mgeni aliyekaa miaka mingi bila kuaga. Watu wakacheka. Mama mdogo alikuwa anapakua ugali, hakuinua macho.

"Ningeaga, shemeji," alisema. "Lakini kila nikifunga kikapu, mtu wa kwenu anaugua."

Wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa ni baba mkubwa. Akakasirika, akanigeukia: niseme mbele ya wote, marehemu alimwacha mwanamke huyu au hakumwacha? Nikamtazama mama yangu. Alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili. Nikasema mtoto analia, nipeni siku. Wamenipa mpaka kahawa iishe kuchumwa. Tangu hapo nachuma polepole kama mgonjwa.

Jioni ile mama aliniita chumbani. Hakuniuliza baba alisema nini. Ameishi naye muda mrefu, anamjua.

"Mwanangu," alisema, "ukisema hakumwacha, umesema baba yako alimdanganya Mungu siku ya ubatizo. Nimemwombea tangu kabla hujazaliwa. Usimtoe alikofika."

Mama si mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Hajawahi kumtukana mwenzake hata mara moja, na siku ya msiba walilia wamekumbatiana. Lakini hili anaogopa kweli, usingizi hapati.

Nilijaribu njia ya katikati. Nilimwendea baba mkubwa nikamwomba, tuseme aliachwa, lakini apewe nyumba kwa ajili ya kuuguza. Akanijibu kwa upole, tena akinisifia mtoto, kwamba shamba la ukoo hupewa mke au mtoto, muuguzi hupewa asante. Mume wangu naye ameniagizia niwaachie wenyewe mambo yao, nimfuate Mkwajuni.

Mwisho nikamweleza mama mdogo aliyoyasema baba. Alikuwa anapepeta mahindi, akaendelea kupepeta mpaka ungo ukawa safi. Ndipo akasema, "Mimi ndiye niliyemwambia aniache, abatizwe. Kitu nilichompa akiwa hai sikifuati kaburini. Sema niliachwa, binti yangu, ukapumzike." Ameanza kuulizia watu wanaokwenda Tunduma, maana ndugu zake walihamia ng'ambo ya mpaka siku nyingi, na hata hajui kama wako hai. Nilimwambia hakuna kufunga kikapu mpaka mimi nisimame mbele ya ukoo. Nimewahamishia watoto wangu nyumbani kwake. Anayetaka kuingia mle ataanza kututoa sisi.

Ndugu wasomaji, nikisema alivyosema baba, nimemvunja moyo mama aliyenizaa, na sijui wazee wa kanisa watalitazamaje kaburi lile. Nikisema alimwacha, tutabaki wote na amani yetu, na aliyenibeba mgongoni atatembea peke yake mpaka mpakani. Mtu akinijibu niombe, kuomba naomba. Ninyi mliolelewa na mama wawili, niambieni: nikisimama mbele yao, nifungue mdomo kwa neno gani?