Jeneza la Ma Kokwijuka Laitwa Muleba

Miaka ile baada ya vita, Kamachumu tulizika zaidi kuliko tulivyovuna. Fundi Apolinary akawa anapiga majeneza kwa mbao za masanduku ya sabuni. Siku ya mazishi ya Rugambwa, kitako cha jeneza kilifunguka mteremkoni. Wabebaji waliona mzigo umekuwa mwepesi, wakamsifu marehemu kwa upole wake. Kaburini ndipo walipogundua kuwa wamemwacha kwenye migomba ya jirani.

Basi Bwana Afya Anatory akaja kutoka Muleba na barua: majeneza yote ya Apolinary yarudishwe. Yaliyokwisha zikwa hakuthubutu kuyagusa. Juu ya ardhi lilibaki moja tu, la Ma Kokwijuka, mjane aliyenunua lake mapema asije akakosa. Kwa kuwa siku yake ilichelewa, aliweka humo maharage.

"Ma, nimekuja kulichukua."

"Nisomee barua kwanza. Shule sikwenda, lakini masikio yangu yalifika darasa la nane."

Anatory akasoma. Alipofika "yaliyowekwa kuuzwa," sauti ikashuka.

"Rudia hapo, Ta," akamwita kwa heshima.

Akarudia.

"Hapa nyumbani kwangu ni duka?"

"Si duka, Ma."

"Basi serikali yako inaishia mlangoni kwa Apolinary. Hapa ni kwangu na maharage yangu."

Anatory akakaa, akatafuna punje za kahawa alizokaribishwa, akaupapasa mfuniko. "Zuri kweli. Mama yangu angelipenda. Ungeniuzia bei gani?"

Ma Kokwijuka hakuwa mtu wa kuulizwa bei akanyamaza. Mdomo ulikwisha funguka, ndipo akaona kalamu ya Bwana Afya inatoka mfukoni, tayari kuandika bei.

"Mwambie mama yako aje tulale wote, nafasi ipo. Kuuza siuzi."

Anatory akaenda zake. Jioni bibi akamwita Benigna, jirani yake, walisogeze jeneza mbali na mlango. Wakaliinua. Maharage yote yakabaki sakafuni, na kitako pamoja nayo.

Kesho yake wakalibeba mpaka kwa Apolinary. Bibi akaliweka mlangoni pa karakana, akaingia, akalala.

"Toka humo, Ma. Unanifukuzia wateja."

"Mteja ndiye mimi. Pigilia."

"Nipigilie na wewe umo ndani?"

"Nikitoka utaweka misumari miwili. Nakujua."

Apolinary akaleta mbao za mninga, akaliegemeza jeneza kwa ubavu, bibi akiwa ndani, akapigilia mpaka saa sita. Misumari arobaini, yote bibi aliihesabu kwa mgongo.